Ncha ya Nane

Vipande vyote vilikuwa baridi isipokuwa kimoja.

Kemuma alikigusa tena. Mvua ya mchana ilikuwa imeacha ubaridi kwenye kiti, kwenye mkasi, hata kwenye shavu la Gesare, binti yake wa miezi minne aliyelala kapuni. Lakini kile kipande cha sufu ya kahawia kilikuwa na vuguvugu, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi mgongoni mwa mtu.

"Ni jua," alijiambia. Jua halikuwapo.

Mwaka huo wa 1969, akina mama wa kanisa la Sabato katika vilima vya Nyamira walikuwa wamejifunza kushona mapambo ya ukutani yenye nyota kubwa katikati. Hakuna aliyenunua kitambaa. Kila mama alifungua kasha lake la masalio: gauni lililochanika, sare ya shule iliyobana, shuka iliyokwisha. Nyota ilitaka vipande vinane vilivyochongoka pande mbili kama jani la chai. Kemuma alikuwa na saba, vyote vya rangi za kucheka. Cha nane aliletewa na Orpah, mke wa Okemwa, kaka mkubwa wa mumewe. Orpah ndiye aliyemfundisha kushika sindano.

"Chukua hiki," Orpah alimwambia. "Nyota bila kipande cha giza ni ua tu."

"Umekitoa wapi, dada?"

"Kashani. Masalio hayaulizwi kwao."

"Basi nyota yangu itakuwa haina ukoo!"

Kemuma alicheka. Orpah hakucheka.

Kemuma alishona kuanzia katikati kwenda nje, akilaza kila mshono kwa pasi ya makaa ili nyota isivimbe kitovu. Pasi ilipogusa kile kipande cha nane, harufu ya ugoro na sufu iliyonyeshewa ilipanda na kujaa chumba. Jioni ile ile, ukingoni mwa ua, mtu alikohoa.

Kemuma alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mzee Makori, baba wa mumewe, aliyezikwa mwaka uliopita kando ya migomba. Kwa Wakisii, baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mke wa mwanawe. Ni chinsoni, miiko ya heshima, na Makori aliishika mpaka kaburini. Akitaka neno, alisimama mbali, akakohoa, akazungumza akiwa ameitazama migomba.

"Baba Gesare, umesikia?"

Ombati, mumewe, alikuwa mwalimu wa shule na mzee wa kanisa. Hakuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi.

"Mbuzi."

"Mbuzi wa nani? Sisi hatuna mbuzi."

"Wa jirani, basi. Mama Gesare, unataka kanisani waseme mke wangu anasikia mizimu?"

Kemuma alitia pamba kati ya nyota na kitambaa cha nyuma, akapitisha uzi katika tabaka zote tatu, akalitundika pambo juu ya kitanda cha mtoto. Kikohozi kikasogea. Kikatoka ukingoni mwa ua kikaja barazani. Kikatoka barazani kikaja sebuleni. Na Gesare, aliyekuwa akinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa, akalikataa titi, akawa analala chali akiitazama nyota bila kupepesa, mbavu zake zikihesabika.

Kisha ikaja alasiri ya mvua ya mawe, Ombati akiwa shuleni, mabati yakinguruma hata Kemuma asisikie pumzi yake mwenyewe, giza likiwa limeingia saa tisa kama usiku, na alipoinama kumtoa mtoto kitandani aliona ile ncha ya nane ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu anayejizuia asilie, na chini ya ngurumo ile yote, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya mzee aliyeshikwa na haya mpaka mfupani ikanong'ona: "Mwanangu, nifunike macho. Nani ameniingiza humu?"

Alimkumbatia mtoto, akatoka mbio, mawe yakimpiga kichwani, mpaka kwa Bitutu ng'ambo ya kijito.

Bitutu aliuza ndizi sokoni, lakini kila mtu alijua kwamba alikuwa mragori, mwenye kuona yanayosumbua. Mvua ilipokatika alikuja, akasimama mbele ya pambo, akanusa.

"Huu ni ukosi wa koti la mkweo," alisema. "Hakuja kukudhuru, binti. Ana haya. Ekerecha, roho ya mzazi, ikitiwa mahali pa aibu hugeuka sumu, na sumu humwanza mdogo. Aliyelikata koti ndiye amwite atoke. Mwingine hasikiwi. Na afanye hima, huyu mtoto ni mwepesi mno."

Orpah aliitwa. Alikuja na mwanawe Ishmael mgongoni, mnene, akitafuna ndizi. Ombati naye alikuwa amerudi kutoka shuleni, na majirani walikuwa wamejipanga nyuma ya ua.

"Dada," Kemuma alisema, "mimi nimekukosea nini?"

 Orpah aligeukia mlango. "Tata Makori, baba yetu, ni mimi niliyekukata. Toka."

Ndani, chumbani, mtu alikohoa.

"Ita tena," Bitutu akasema.

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kikohozi kikajibu pale pale.

"Anadanganya huyu," Bitutu alisema.

"Nimetumwa kudanganya." Orpah alinong'ona, machozi yakimtoka. "Mkasi haukuwa mkononi mwangu. Shemeji, sema. Mtoto anakwisha."

"Orpah, nyamaza!" Ombati alisema.

"Sinyamazi! Okemwa alikwenda Kericho kwa kazi, akaniachia koti alilorithi kwa mzee. Baridi ilipozidi nikamfunika nalo Ishmael, mzee akaingia nalo kwangu. Mtoto akaacha kula. Nikakuambia tumwite mragori, koti lirudishwe kaburini. Ukasema nini? Mzee wa kanisa hawezi kuonekana na mragori! Ukakata ukosi, ukachoma lililobaki, ukaniambia mpelekee Kemuma, yeye anakuamini, mzee atahamia huko."

Kemuma alimgeukia mumewe. Alitaka aseme ni uongo. Alingoja.

"Ishmael ni mvulana," Ombati alisema akivitazama viatu vyake. "Ni wa boma hili. Gesare ataolewa aende zake. Nilidhani... wewe bado ni kijana. Tungepata mwingine."



"Ita," Bitutu akamwambia.

Ombati alipiga magoti matopeni, katika suruali yake ya kazini, mbele ya watu aliowasomea Neno kila Sabato. "Tata, ni mimi. Ni mimi niliyekukata. Toka."

Mlango ulifunguka bila upepo. Harufu ya ugoro iliwapita, ikashuka bustanini, na majani ya migomba yakainama moja baada ya jingine mpaka kaburini. Bitutu aliingia, akafumua mishono kwa wembe, akatoka na ile ncha ya nane, wakaifukia kwenye udongo wa mzee.

Kabla jua halijatua, Gesare alinyonya. Alinyonya mpaka maziwa yakamwagika kidevuni.

Wakati wa kulala, Ombati alinyoosha mikono. "Yamekwisha, mama Gesare. Nipe nimbebe kidogo."

Kemuma hakumpa. Alimpitisha mtoto kando ya kitanda chake kidogo, akamleta kwenye kitanda kikubwa, akamlaza upande wa ukuta.

"Huko ukutani kuna baridi," Ombati alisema.

"Najua."

Kisha akajilaza kati yao wawili, uso wake ukimwelekea mumewe, macho wazi.