Balanga Haiondoki kwa Kusuguliwa

Kule Atbara, mji wa kando ya mto, bibi harusi haendi kwa mumewe kabla hajafukizwa moshi na kusuguliwa mwili. Na kwa kusugua, mtaa mzima ulimjua Sittana. Mchanganyiko wa kusugulia, wa unga wa mtama, mafuta na manukato, aliukanda mwenyewe.

Safari hii mwali alikuwa Tumadiri, binti wa kaka yake. Tumadiri alikuwa na balanga, mabaka meupe mikononi na shingoni.

"Tulia, mwali! Mbona wajipinda kama mjusi?"

"Shangazi, inachoma!"

"Uzuri unachoma. Nitayasugua mpaka yatoke."

Kila alasiri aliyasugua mabaka kwa nguvu zaidi. Ngozi ikachubuka. Vidonda vilipoanza kukauka, palepale pakatokea weupe mpya. Tumadiri akajifunika tobe, shuka lake la kujitanda, mpaka machoni.

"Yanaongezeka, Shangazi. Mimi sichezi ngoma ya bibi harusi mbele ya watu. Harusi iahirishwe."

Sittana akamwita jirani yao Ilhamu, muuguzi wa zahanati.

Ilhamu alitazama ngozi, kisha bakuli la mchanganyiko.

"Nani kasugua hapa?"

"Mimi. Kuna mwingine?"

"Mama Sittana, mikono yako ina baraka, ila hapa imepotea njia. Balanga si uchafu. Ni rangi ya ngozi iliyoondoka. Na mwenye balanga akichubuliwa, baka jipya laweza kutokea kwenye jeraha."

"Basi nimfukize moshi tu?"

"Joto kali nalo litaiudhi ngozi. Mwache."

"Bila moshi! Watu watasema tumemwoza mbichi!"

Ilhamu akacheka. "Fukiza nguo zake. Atanukia mpaka ng'ambo ya mto. Mwili auoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja tu. Asijifute kwa nguvu. Ajiguseguse kwa kitambaa laini. Ngozi ikiwa bado na unyevu, apake mafuta yasiyo na harufu. Mabaka huungua upesi juani, kwa hiyo ajifunike na apake krimu ya kukinga jua. Krimu za kujichubua, asiguse. Kisha aje amwone daktari. Matibabu yapo."

"Na mume asije akaambukizwa?"

"Balanga haiambukizi. Amshike mkono apendavyo."

"Baada ya harusi!" alidakia Sittana.

Tumadiri akacheka mpaka tobe likamtoka kichwani.

Mwanzo Sittana alipata taabu. Vidole vyake vilitaka kusugua. Akavizuia, akapaka mafuta polepole, kama anayempapasa mtoto mchanga. Vidonda vikapona. Mabaka ya zamani yalibaki, lakini mapya hayakuonekana tena, na ngozi ikawa laini.

Siku ya harusi Tumadiri alicheza mikono wazi, shingo juu. Vigelegele vikapasua ua. Mama mmoja, mwenye binti anayekaribia kuolewa, akamvuta Sittana pembeni.

"Umemsugua na nini huyu? Ngozi yang'aa!"

"Sikumsugua," alijibu Sittana. "Wako mlete kesho. Lakini kwanza nitaitazama ngozi yake, ndipo niamue kama nitaigusa."