Gauni Lisilokauka

Ijumaa jioni, kabla umeme haujakatika mtaani Kikula, Henriette alifunika meza yake ya makayabu, samaki wakavu wa chumvi, akaenda kuchukua nguo kwa fundi Germain.

Nguo zilikuwa za safari ya Jumatatu. Dada yake mkubwa, Gertrude, ndiye aliyepanga kila kitu: siku nzima ziwani, upande wa Lufira, kwenye ufuko wenye mchanga mweupe na michikichi, mahali ambapo watu hawaendi. Hakuna baa, hakuna walevi, hakuna kusukumana. Wao wawili na binti zao tu. Kuku wa kuchoma, unga wa bukari, mkeka, bidoni ya maji ya kunywa. Na kama ilivyo kwa kila familia ya Likasi inayojiheshimu, lazima iwepo uniforme. Kitenge kimoja kwa wote, ili hata mpita njia ajue kwamba hawa ni wa tumbo moja.

Henriette alikuwa na furaha ya kitoto. Mumewe Kabongo alikuwa shimoni Kambove, akichimba mawe ya shaba, na tangu Pasaka hakuna aliyemwambia Henriette neno "pumzika" isipokuwa dada yake.

Fundi Germain alikuwa amekunja magauni matatu juu ya meza. La nne lilikuwa chini, mbali na mengine, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa mara mbili.

"Mama Hadassa," alisema kwa sauti ya chini, "ile robe ya mutoto yako... nilipiga pasi mara tatu. Haikauke."

"Aje, haikauke?"

"Weye shika."

Akashika. Kitambaa kilikuwa na ubaridi, na maji yakamlowanisha vidole. Kisha ikaja harufu... tope la ziwa, na samaki aliyelala.

"Hii haitoke mu kitenge kile mulinunua," fundi akasema. "Yaya yako Gertrude njo aliileta. Maua ni moja, lakini ni ya zamani. Ilikuwa robe ya mutoto mwingine, akaniambia nikate upya."

Henriette akajifuta vidole. Fundi akakohoa, akaonyesha gauni lake yeye Henriette, pale kwenye paja la kulia.

"Kipande kidogo ya ile robe ya zamani kilibakia. Minye sibakishake kitu ya bantu. Nikakuwekea mufuko. Cadeau."

Ndivyo walivyo mafundi wa Kikula wenye adabu. Kitambaa kilichogusa mwili wa mtu hakilali dukani hata kiwe na upana wa kidole, maana kikipotea, kesho fundi atatajwa kwenye maombi ya kufukuza wachawi. Henriette akamshukuru. Alikuwa amezoea kufunga ufunguo wa nyumba kwenye pindo la kitenge; mfuko ulikuwa zawadi nzuri.

Alimpigia dada yake simu akiwa njiani.

"Yaya, juu ya nini robe ya Hadassa iko na mayi?"

Gertrude akacheka.

"Ni ile ya Jessy ya mwaka jana. Nilifula asubuhi. Nilipenda bafanane, bakuwe kama mapasa. Haupende?"

Henriette akaona haya. Mama yao alipokufa, Gertrude alikuwa na miaka kumi na miwili. Akaacha shule, akambeba mdogo wake mgongoni mpaka sokoni. Utamshukuje mtu aliyekutafunia chakula? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Henriette aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na hakuikumbuka.

Jessy, mtoto pekee wa Gertrude, alikuwa na miaka minane, mmoja zaidi ya Hadassa. Mwaka uliopita aliteleza ziwani akazama. Saa moja tu, Gertrude alitoa ushuhuda kanisani, saa moja, halafu mawimbi yakamrudisha mchangani akiwa hai. Kanisa zima liliruka. Tangu siku hiyo mikono ya Jessy ilikuwa ya baridi hata wakati wa jua kali, na kila asubuhi godoro lake lilikuwa limelowa. Kikojozi, mama yake alisema. Mtoto mwenyewe alikuwa mpole, hana maneno. Akikupenda, alikushika kidole cha mwisho, kile kidogo, akakibana asikiachie. Henriette alikuwa anampenda sana.

Jumamosi alilianika gauni juani kutwa nzima. Likadondosha.

Jumapili akalipaka mafuta ya maombi, akalianika tena. Likadondosha.

Chini ya kamba palikuwa na kidimbwi, na kuku wa jirani hawakukinywa.

Jumatatu asubuhi Hadassa alilililia gauni hilo, kwa kuwa Jessy naye amevaa maua yale yale. Henriette akamvalisha. Miaka yote iliyofuata alijiuliza kwa nini, na jibu lilikuwa lile lile la aibu: hakutaka kumwudhi yaya.

Eddy, dereva wa taxi-bus, aliwashusha juu, barabarani, mbali na maji. Akakataa kusogea.

"Minye nabakia hapa, mama. Mutanikuta."

Ufuko ulikuwa mzuri kuliko walivyoahidiwa. Mchanga safi, maji yametulia. Hapakuwa na mtumbwi. Hapakuwa na wavu, wala alama hata moja ya mguu. Walikoka moto, wakacheka, Gertrude akawasuka watoto nywele akiimba zile nyimbo za zamani. Kwa saa mbili Henriette alikuwa mtu mwenye heri duniani, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli kwake peke yake.

Ilipofika saa ya kula, chumvi ilikuwa imesahaulika garini. Akapanda kuifuata.

Njiani, akirudi nayo, alikutana na mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani. Alikuwa Élisabeth, wa kijiji cha jirani, na salamu hakuitikia. Alimtazama Henriette nguo, kisha akatazama kule chini.

"Mama," alinong'ona, "nani aliwaleta hapa?"

"Yaya yangu. Anapapenda, juu hakuna bantu."

"Njo vile. Hakuna bantu." Alishusha beseni. "Ule mutoto mukubwa, minye namujua. Mwaka jana alikufa hapa. Mama yake alikaa mu muchanga siku tatu, anaongea na mayi. Siku ya tatu mutoto akatoka. Anatembea."

"Saa moja," Henriette alisema. "Alibakia saa moja."

"Siku tatu, mama. Tulimuona na macho yetu. Mayi haiachiake muntu bule. Ilimuazima mwaka moja, ingojee mwingine wa damu ile."

Henriette alishika pindo la gauni lake.

"Alikuwa anavaa nini?"

Élisabeth alinyoosha kidole, akagusa ua moja kwenye bega la Henriette.

Chumvi ikamwagika.

Alikimbia. Mchanga ulimvuta miguu. Kule chini moto ulikuwa unawaka peke yake, na kuku alikuwa anaungua. Gertrude alisimama ukingoni, mgongo kwake, akizungumza na ziwa taratibu, kwa sauti ile ile aliyombembelezea Henriette usingizi zamani.

"Angaria nguo," alikuwa anasema. "Njo ile. Angaria nguo, ni ile ile..."

Mbele yake, watoto wawili ndani ya maji.

Jessy alimshika Hadassa kidole cha mwisho.

Maji yalikuwa magotini. Kisha kiunoni.

"Hadassa!"

Mtoto hakugeuka.

Henriette aliingia mpaka kifuani. Gertrude alimdaka kitenge kwa nyuma akamvuta, na nguvu zake hazikuwa za mwanamke wa miaka arobaini na tano.

"Achia, mudogo yangu. Achia! Weye uko na bwana, utazala mwingine. Minye niko na moja tu."

Maneno hayo Henriette aliyasikia vizuri, yote, na kitu ndani yake kilivunjika ambacho hakijapona mpaka leo. Hayakuwa maneno ya hasira. Dada yake alikuwa anaomba, kama mtu anayeomba kibaba cha unga kwa jirani.

Akampiga kiwiko. Akamfikia mtoto. Akalishika gauni shingoni, akalipasua mpaka chini, akamtoa Hadassa uchi kama alivyozaliwa.

Gauni likabaki majini.

Hapakuwa na upepo. Lakini gauni likaanza kwenda... likielekea kina kirefu, mikono yake imefunguka, kana kwamba kuna aliyelivaa.

Jessy alilitazama. Kisha akamtazama Henriette, mama yake mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, akasema sentensi nzima.

"Mama mudogo, minye niko na baridi."

Akaachia kidole cha Hadassa. Akalifuata gauni, polepole, mpaka nywele zake mpya zilizosukwa asubuhi ile zikazama.

Maji hayakufanya hata duara.

Gertrude hakulia. Alikaa mchangani, miguu mbele, akamwangalia Henriette.

"Minye nilikubeba mu mugongo," alisema. "Weye, mara moja tu ungenibebea."

Hawakuweza kumtoa pale. Eddy aliposikia kelele alishuka, akaona, akambeba Hadassa mpaka garini bila kuuliza. Njia nzima Hadassa alikuwa amefungwa ndani ya mkeka wa pikiniki, akitetemeka, lakini mwili wake ulikuwa wa moto, na Henriette alimshika paji la uso kila dakika, akimshukuru Mungu kwa joto lile. Nguo yake yeye ilikauka kwa upepo wa dirishani kabla hawajafika mjini. Mabega yakakauka, pindo likakauka.

Walifika nyumbani jua likizama. Majirani walikuwa bado hawajui. Kesho ingekuwa matanga bila maiti, na mchungaji, na polisi labda, na watu wa kanisa wakiuliza mbona muujiza umeharibika. Leo Henriette alitaka kitu kimoja tu: kuingia ndani na mwanawe na kufunga mlango. Angemlinda mtoto huyu maisha yake yote. Asingemwamini mtu tena, awe wa damu, awe wa kanisa.

Akatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo.

Mfuko ulikuwa umejaa maji.

Mfuko mdogo, wa kipande kilichobakia... na mkono wake ukaingia mpaka kwenye kifundo, kisha zaidi ya kifundo, na hakugusa mwisho. Harufu ya tope ikampanda puani. Akakumbuka maneno ya Élisabeth: ingojee mwingine wa damu ile. Yeye naye alikuwa wa damu ile. Na alikuwa ameingia ziwani mpaka kifuani, akiwa amekivaa kipande kile.

Alitaka kuutoa mkono.

Kitu kikamshika kidole cha mwisho, kile kidogo. Kikakibana kwa upole.

"Mama," Hadassa alisema kwa usingizi begani kwake, "juu ya nini haufungue?"

Henriette alisimama mlangoni na mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili ndani ya ubaridi, na akagundua kwamba haombi, halii, hata hamlaani dada yake tena. Alikuwa anawapitia jamaa zake mmoja mmoja, akipima kwa macho mabega na urefu, akitafuta gauni hili litamkaa nani.