Chupa ya Kisima cha Maduhu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorah aliteka maji. Alikuwa darasa la sita katika kijiji cha Isungabula, upande wa Buseresere, ambako wanaume wengi hushinda kwenye mashimo ya dhahabu na wanawake hushinda kwenye mihogo na mahindi. Alijitwika ndoo, akashika na dumu dogo mkononi, akashuka njia ya mawe mpaka kisima cha Mzee Maduhu. Kisima kile kilijengewa ukuta wa matofali na kufunikwa kwa bati. Maji yake yalikuwa meupe, huwezi kuyafananisha na ya lambo ambamo ng'ombe huingia na kwato zao.

Hatua kama hamsini juu ya kisima ulikuwepo mwalo wa Mzee Maduhu huyo huyo. Mwaloni ndiko walikoosha mchanga wenye dhahabu. Waliutia zebaki ili ikamate chembe za dhahabu, kisha tope lililobaki wakalimwaga pembeni. Watu wa Isungabula hawakuiogopa zebaki. Wote walikuwa wameiona ndani ya karai, inavyong'aa na kuteleza, na jinsi ilivyo nzito. Hata uikoroge vipi, inarudi kulala chini. Basi wakafundishana, mkubwa kwa mdogo, kwamba kisimani usizamishe ndoo. Chota juu, ya juu ni salama. Dorah alichota juu tangu alipojua kushika kopo.

Aliyekaa kisimani asubuhi kukusanya hela za maji alikuwa Nelly, binti wa Mzee Maduhu, na Nelly na Dorah walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Akimwona Dorah anashuka, Nelly aliwaambia walioko kwenye foleni wampishe kwa sababu mama yake ni mjamzito na haruhusiwi kubeba kitu. Wanawake walipisha huku wakinung'unika. Mmoja aliuliza kama naye akifunga mto tumboni atapishwa, na foleni nzima ikacheka.

Lakini nyumbani kwa kina Dorah mimba haikuwa jambo la kucheka. Mama yake, Rebeka, alikuwa na miezi saba. Kabla ya huyu kulikuwa na wawili ambao hawakufika kuzaliwa, na hakuna aliyejua sababu. Mama Dorah aliogopa kila kitu siku hizo. Aliogopa kuteleza, aliogopa moshi, aliogopa hata ndoto. Nesi wa zahanati alikuwa amemuuliza swali moja tu lililomnyima usingizi: mnakunywa maji ya wapi?

Ndiyo maana Mwalimu Euphrasia alipotangaza Siku ya Sayansi, Dorah alifurahi kuliko wote. Mwalimu alisema wataalamu watakuja kutoka Mwanza siku ya Jumamosi, na siku hiyo si ya wanafunzi peke yao. Waje baba, mama, bibi na babu. Kutakuwa na mtu wa nyoka, kutakuwa na darubini ya kutazamia jua bila kuumiza macho, na kutakuwa na meza ya kupima maji yote yanayonywewa kijijini. Wanafunzi watayachota wawili wawili Ijumaa jioni. Kila chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, na ibandikwe karatasi yenye jina la kisima, jina la mchotaji na jina la shahidi. Kisima cha Maduhu kikaangukia kwa Dorah na Nelly.

Ijumaa jioni walichota. Nelly alishika kamba, Dorah akasuuza chupa, akajaza, akafunga kizibo, akaandika jina lake. Nelly alisema jina lake ataliandika nyumbani. Tena akashauri chupa ilale kwao, maana wao wana friji na mwalimu amesema maji yakae kwenye baridi. Dorah hakuona ubaya. Angeuonaje? Alimkabidhi chupa, wakaagana wakicheka kuhusu mtu wa nyoka, kwamba huenda nyoka wenyewe ni wa plastiki.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa kama siku ya mnada. Nyoka walikuwa wa kweli. Bibi mmoja aliinamia hadubini akaona vijidudu vya maji ya lambo vikikimbizana, akamuuliza mtaalamu kama hao ndio aliokuwa akiwanywa miaka sabini. Alipojibiwa kuwa ndio hao, alisema basi wao ndio wamwogope yeye. Dorah alifika na mama yake polepole, wakipumzika kila penye kivuli, na walipofika walikuta Nelly ameshakabidhi chupa.

Meza ya maji ilisimamiwa na mtaalamu kijana aliyeitwa Sostenes. Alieleza kwamba zebaki haipimiki pale uwanjani. Chupa zote zitawekwa kwenye sanduku lenye barafu zipelekwe maabara Mwanza. Pale angepima chumvichumvi tu, kwa kifaa kidogo kama kalamu. Maji yanayotoka ardhini, alisema, yamepita kwenye mawe na udongo, kwa hiyo hubeba chumvi ya huko, na kifaa huandika namba kubwa. Akapima ya kisima cha shule, akaandika. Akapima ya lambo, akaandika. Alipofika kwenye chupa ya kisima cha Maduhu alitazama namba, akakifuta kifaa, akapima tena.

"Haya maji hayajawahi kupita ardhini," alisema. "Haya ni ya mvua. Ningeyapeleka Mwanza wangeniambia ni safi, nanyi mngekunywa ya kisimani mkijua mmepimiwa. Nani alichota?"

Mwalimu Euphrasia alisoma karatasi. Mchotaji, Dorah. Mahali pa shahidi palikuwa peupe.

Dorah alisema walichota wote wawili, kisimani, kisha chupa ikalala kwa Nelly. Watu wakamgeukia Nelly. Mwalimu akamuuliza kama ni kweli.

"Mimi sikuwepo, mwalimu," Nelly akajibu. "Dorah alichota peke yake. Aliniletea chupa tu nimwekee."

Dorah alingoja acheke. Nelly alipenda utani, pengine huu ni utani wake na sasa hivi atasema ukweli. Lakini Nelly alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na kicheko hakikuja. Dorah akawa kama mtu aliyekanyaga mahali akidhani pana ngazi, kumbe hapana.

Maneno yakaanza. Kijana mmoja wa mwaloni alisema mtoto huyu ameona uvivu wa kushuka kisimani, akakinga maji ya bati la mtu. Mwingine akasema watoto wa siku hizi hata kuchota maji ni kazi ya kuibia. Mzee Maduhu alisimama mbele akalalamika kwamba kisima chake kinaonewa wivu na watu wasio na shukrani, na sasa wanatumiwa hata watoto. Uongo wa adui Dorah angeujibu. Huu ulitoka kwa mtu anayejua hata kwamba yeye huogopa giza.

Mama yake alimshika bega, akamgeuza.

"Niangalie, Dorah. Ulichota wapi?"

"Kisimani, mama. Nelly ndiye aliyeshika kamba."

Mama Dorah akamgeukia Sostenes, mkono mmoja ukiwa kiunoni.

"Baba, mimi ndiye ninayekunywa maji hayo, na nina mimba ya miezi saba. Wawili wameshaniponyoka. Nani mwongo mtajua wenyewe. Mimi nataka kujua ninakunywa nini."

Sostenes alichukua kifaa chake na chupa mpya, akasema kisima hakijahama, twendeni. Wakaenda kijiji kizima, akina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, hata mtu wa nyoka na sanduku lake. Kisimani Sostenes alichota mbele ya wote, akatumbukiza kifaa, akamwita bibi wa hadubini aisome namba kwa sauti, na bibi akamwita mjukuu wake amsomee. Mia sita na kumi na mbili. Ile ya chupa ilikuwa ishirini. Kisha akauliza ni nyumba gani karibu yenye tangi la maji ya mvua. Tangi lilikuwa moja tu, na wote walikuwa wanalitazama. Lilikuwa uani kwa Mzee Maduhu. Sostenes akaomba ruhusa, akakinga kikombe kimoja, akapima. Kumi na tisa.

Nelly akaanza kulia kabla hajaulizwa. Alisema baba yake ndiye aliyemwambia amwage na kujaza upya, kwamba kisima kikifungwa hela ya shule yake nayo imekwisha, na kwamba asiandike jina lake popote.

Mzee Maduhu hakukana. Alisema maji yake ni mazuri, ila watu wa mjini wanaweza kuandika lolote kwenye karatasi zao, na yeye hakutaka kuonewa.

"Zebaki nimeishika miaka ishirini," alisema. "Ni nzito kama risasi. Inakaa chini, sisi tunachota juu. Tumekosa wapi?"

Sostenes alimjibu kwa heshima. Alisema tone lile zito kweli hukaa chini ya karai. Lakini sehemu yake husagika ikawa ndogo mno isionekane, ikashikana na tope, na mvua ikalibeba tope kulipeleka kwenye mteremko na kuzama ardhini.

"Sasa mzee, karai lako unalijaza kutoka juu. Kisima chako kinajazwa kutoka wapi?"

Mzee Maduhu alitazama mwalo, akatazama mteremko, akatazama kisima. "Kutoka chini, ardhini humo humo," akasema mwishowe, na wanawake waliokuwa wamechota juu maisha yao yote wakatazamana.

Dorah alimsogelea Nelly. Alitaka kumwambia mambo mengi, yakatoka machache.

"Kama uliamini maji ni salama, kwa nini uliyabadilisha? Na unajua mama anayanywa."

Dorah akamshika mama yake mkono wakapanda kurudi nyumbani, na siku hiyo kwao hakuna aliyekunywa maji mpaka jirani alipoleta ndoo kutoka kisima cha shule.

Baada ya wiki tatu barua ilikuja kutoka Mwanza, Mwalimu Euphrasia akaisoma mbele ya wazazi. Kisima cha shule kilikuwa kizuri. Cha Maduhu kilikuwa na zebaki kupita kiasi anachopaswa kunywa binadamu. Serikali ya kijiji ikakifunga, ikaamuru mwalo uhamishwe mbali na mteremko na tope lichimbiwe shimo la kujengewa. Mama Dorah alikuwa ameshakwenda zahanati Jumatatu iliyofuata Siku ya Sayansi. Nesi alimwambia kila kikombe asichokunywa tangu sasa ni faida kwa mtoto. Hakumwahidi zaidi ya hapo.

Mtoto alizaliwa wakati wake, wa kike, akalia mpaka majirani wakasikia. Nesi alisema wamlete kila mwezi atazame anavyokua. Watu walikuja na unga wa uji kumtazama. Siku ya nne, mlangoni alisimama Nelly na kibuyu cha maziwa.

Tangu siku ile ya kisimani Dorah alikuwa amehamia dawati jingine. Alipomwona aligeuza uso ukutani. Nelly akamwamkia mama, "Shikamoo, Mama Dorah," na sauti ilikuwa ndogo sana.

"Marahaba. Kaa." Mama Dorah alimlaza mtoto mapajani. "Nikuulize, Nelly. Siku ile ulijua kwamba anayeweza kuumia ni mimi?"

"Nilijua, mama. Niliogopa baba."

"Umesema kweli, na ni vigumu kuliko kuleta maziwa. Basi nisikilize, na wewe Dorah geuka usikie. Mzazi anaheshimiwa. Akikutuma mbali, nenda. Akikugombeza, nyamaza. Lakini mtu mzima yeyote, awe baba, awe mjomba, awe nani, akikutuma kuficha kitu kinachoingia tumboni mwa watu, kumtii siyo heshima. Kimbia kwa mwalimu, kimbia kwa nesi, kimbia hata kwangu. Utachapwa siku moja. Ukificha, kuna mtu atazika."

Nelly alilia. Mama Dorah hakumnyamazisha, ila alipokea kibuyu, na kwa desturi yao kupokea ni kusema ingia ndani.

Baadaye Nelly alipokwisha kuondoka, Dorah aliuliza kama sasa anatakiwa kurudi dawati lile la zamani. Alisema hawezi, bado roho inauma, kila akimtazama Nelly anamwona siku ile akitazama vidole vya miguu, na kwamba yeye mwenyewe hakukosea lolote.

"Sikulazimishi," mama alisema. "Umesalitiwa kweli, na kidonda hakiponi kwa maziwa. Kusamehe utasamehe siku yako ikifika. Ila usiniambie tena hukukosea. Kumpenda rafiki si kosa. Kosa lako ni kuacha chupa ya kijiji kizima mikononi mwa mtu mmoja kwa sababu unampenda. Kitu kinachogusa uhai wa watu, mwanangu, kilindwe na macho mengi. Usimwachie mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mimi niliyekuzaa."