Mfalme Chini ya Mlima

"Jiwe jeusi limetoka. Lizuie."

Redio ikanyamaza. Qiao Wenjing, jasusi wa kikosi cha siri cha kulinda mali za kale, akakanyaga mafuta. Gari lake jeusi aina ya Hongqi likachanja barabara kuelekea bandari ya Tianjin.

Jiwe jeusi lilikuwa jina la siri la picha ya hariri: mfalme na ndugu zake wamepumzika kasrini, wanacheza weiqi, mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe. Iliibwa kwenye makumbusho, mahali pake ikatundikwa nakala. Aliyechora nakala hiyo ni Mzee Lu Boheng, fundi wa kukarabati picha.

Wenjing alikuwa amejifanya mwanafunzi wake. Majira yote ya baridi alikula mezani kwake, akafundishwa kazi, akaitwa binti.

Kila alipoitika, aliona haya.

Ghalani alimkuta mzee na Gu Tiecheng, mlanguzi. Kreni ilikuwa inasubiri sanduku lao.

"Binti!" Uso wa mzee ulichangamka. "Umekuja kuniaga? Umekula?"

Kabla hajajibu, mlango ulivunjwa. Askari wa bandari, bunduki mbele. Hawakumjua Wenjing. Wakawaamuru wote walale chini.

Mzee hakulala. Alisimama mbele ya Wenjing, mikono ameitanua.

"Huyu ni mwanafunzi wangu tu. Hajui lolote. Mwacheni aende kwao."

Gu akaitumia nafasi hiyo. Mkono ukazama ndani ya koti.

Wenjing alikuwa mwepesi zaidi. Teke. Bastola ikateleza sakafuni. Kiwiko. Gu akaanguka kifudifudi, na bastola ya Wenjing, QSZ-92, ikagusa kisogo chake.

Akatoa kitambulisho. Askari wakashusha bunduki.

Mzee alikitazama kitambulisho, kisha akamtazama yeye.

Sandukuni palikuwa na picha moja tu, mlima na misonobari, ya bei ya chini. Kamanda wa askari akaguna kwamba wamepotezewa muda. Wenjing akainyanyua, akaimulika kwa tochi kutoka nyuma.

Ndani ya mlima akatokea mfalme, kijiwe mkononi, ndugu zake wameinamia ubao. Hariri ilikuwa imegandishwa kati ya tabaka za karatasi.

"Umejuaje?" kamanda aliuliza.

Mzee ndiye aliyejibu. "Nilimfundisha mimi."

Wakamfunga pingu. Alipopitishwa karibu naye, alisimama kidogo.

"Mama yako mgonjwa, yule ambaye mke wangu alikuwa akimpikia uji. Yupo kweli?"

Wenjing alitikisa kichwa kukana. Uso ulimwaka hadi masikioni.

Mzee alishusha pumzi. "Afadhali. Tulikuwa na wasiwasi naye."

Redio ikakoroma. "Ripoti."

"Jiwe tunalo. Wote wawili wamekamatwa."

"Kazi safi sana."

Alizima redio, akairudisha bastola kiunoni, akavaa miwani ya jua, akatoka kwa mwendo wake wa taratibu.

Nje mvua ilikuwa inanyesha.