Silinda ya Tatu

Mzunguko wa barabara ulikuwa umefungana. Magari yamesimama pua kwa mkia, honi zinapokezana, na katikati ya vurugu hiyo kigari kimoja cheupe cha mizigo kilikuwa kinatetemeka kama mtu mwenye homa. Juu kimefungiwa ngazi mbili, nyuma ndoo za rangi zinagongana.

Dada Spana alikuwa anavuka kwa miguu. Ovaroli yake ya bluu ilikunjwa mikono hadi viwikoni, kilemba chekundu kimekaza nywele, na gasketi mpya ya injini ameipachika begani kama mkoba. Alikuwa na haraka. Sikio lake ndilo lililokataa kupita. Akarudi hatua tatu, akainama dirishani.

"Kaka, gari lako linamisi."

"Linafanya nini?"

"Linamisi. Silinda tatu zinapiga kazi, moja imelala. Inakula mafuta bure kama mgeni asiyeaga."

Dereva akageuka. Alikuwa na tone la rangi nyeupe kwenye nyusi moja na jingine sikioni, na shati lake lilikuwa na kila rangi ya nyumba unayoijua.

"Dada, foleni hii hainitoshi, na wewe unaniletea habari mbaya?"

"Habari mbaya unayo mwenyewe. Mimi nimekutajia jina lake tu."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Haya, panda unielekeze pa kulitibu. Au unatangaza magonjwa, dawa huna?"

Akapanda. Ndivyo walivyoanza.

Gereji ilikuwa ya mjomba wake, banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa oili ya miaka. Dada Spana aliacha injini iungurume, akafungua boneti, akaanza kuchomoa waya za koili zinazopeleka moto kwenye silinda, moja baada ya nyingine. Alipochomoa ya kwanza, injini ikapepesuka. Ya pili, ikapepesuka tena. Alipochomoa ya tatu, hakuna kilichobadilika.

"Huyu hapa."

"Umemjuaje?" Yule mpaka rangi alikuwa amesimama karibu mno, ananukia tapentaini na sabuni.

"Ukimwachisha kazi mchapakazi, kazi inayumba. Ukimwachisha mvivu, hakuna anayejua kama kaondoka."

"Kumbe. Basi niambie kweli, usinibembeleze. Kama injini imekufa, naliuza hapahapa napanda basi la kesho. Mama yangu mgonjwa wa moyo, kila siku ananipigia nirudi. Mji wenyewe umenichosha."

Akavuka barabara kwenda kununua chai. Dada Spana akatoa plagi zote nne, akafunga geji ya kupimia kompresheni, ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwenye tundu la kwanza, akazungusha injini kwa ufunguo. Mia na sabini. La pili, mia na sitini na tano. La nne, mia na sabini. La tatu, sindano ilipanda hadi sitini, ikachoka.

Akamimina kijiko cha oili ndani ya tundu hilo, akapima tena. Mia na ishirini. Hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Oili ikipandisha kipimo, maana yake ringi za pistoni zimelika. Upepo unapita pembeni, na oili inaziba ufa kwa muda tu. Dawa yake ni moja, kuishusha injini na kuifungua yote.

Alipoinua macho alimwona anavuka barabara na vikombe viwili, anatembea polepole asimwage, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Niambie, daktari. Mgonjwa atapona?"

Geji ilikuwa bado mkononi mwa Dada Spana. Akaifunga kwenye kitambaa chake.

"Plagi tu," akasema. "Plagi, na tutamwekea oili nzito kidogo."

Kweli gari lilitulia. Oili nzito ilijaza pale palipolika, na plagi mpya zilichoma vizuri. Baada ya wiki tatu likaanza tena, naye akarudi, safari hii amevaa shati safi.

"Limeanza tena, fundi."

"Au umelichokoza ulete sababu?"

"Sababu ninazo nyingine. Hili ni la usafiri tu."

Dada Spana akaongeza oili, akaongeza na dawa ya kopo. Wiki tatu nyingine, vivyo hivyo. Kufikia mwezi wa tatu yule mpaka rangi hakuhitaji tena sababu, alikuja kila jioni baada ya kazi, akiwa na rangi mpya kwenye nyusi. Dada Spana akazoea kuzikisia: leo kijani, umepaka zahanati, leo krimu, umepaka nyumba ya tajiri. Simu zao zilianza kwa kutaniana, zikaisha kwa kutaniana.

"Mama watoto."

"Watoto gani? Wako wapi?"

"Wako njiani. Wamekwama kwenye foleni."

"Gari lao linamisi?"

"Mama yao fundi, watafika tu."

Mjomba, mwenye gereji, alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Siku moja aliutazama moshi wa buluu uliotoka kwenye ekzosi ya kile kigari, akamwita pembeni.

"Mwanangu, hilo gari unalitibu au unalifuga?"

"Nitalifungua mwezi ujao, mjomba."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita. Mwenyewe anajua?"

Angemwambia nini mwenye gari? Kwamba alimdanganya siku ya kwanza, kwa kuwa alibeba vikombe vya chai vile? Kila alivyozidi kumpenda, neno lile likazidi kuwa zito kulitoa. Alijiambia kwamba gari linatembea mjini tu, nyumba hadi kazini. Halina pa kufia.

Asubuhi moja ya Alhamisi simu ikalia. Alikuwa amelala chini ya lori, mikono imejaa grisi, akaibana kwa bega.

"Mama kazidiwa." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Dada yangu kanipigia. Anasema nije sasa hivi."

"Pole, mpenzi wangu. Panda basi."

"Basi linatoka jioni. Naondoka na gari. Si juzi tu umeliangalia?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo. Dada Spana aliyaona yale maneno yamejipanga mdomoni: usilichukue, halifiki, nilikuficha. Aliona pia uso wake akiyasikia, tena leo, mama yake akiwa hoi.

"Nenda polepole," akasema.

Kuna kilima kirefu kwenye barabara ile, magari mazito hukipanda kwa gia ya chini. Gari lilianza kumisi pale chini, likapoteza nguvu katikati, likatoa moshi kama tanuri, likazima. Alisukuma, alipunga mkono, alisubiri. Lori la mbao lilimchukua saa tisa. Mama yake alifariki saa kumi. Yeye alifika saa kumi na mbili kasoro.

Alikaa huko wiki tatu. Alipiga simu mara chache, na katika simu hizo hakumwita mama watoto, ila hakumwita jina jingine pia. Gari likavutwa hadi gereji, likawekwa kwenye kona. Dada Spana alikuwa akipita upande wa pili.

Alirudi Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, mafundi wengine wametoka. Shati jeupe, halina doa hata moja. Alikuwa amekonda shingo. Akakaa juu ya tairi, naye Dada Spana akakaa juu ya kreti mbele yake.

"Nimeliua mwenyewe," akasema yule mpaka rangi.

"Nini?"

"Gari. Lilianza kumisi chini ya kilima, nikalisikia kabisa. Nikakanyaga tu. Ungekuwa wewe ungesimama, ungelipoza, lingefika. Mimi nilikanyaga." Akatazama viganja vyake. "Dada yangu anasema mama aliuliza mara tatu, amefika? Mara ya nne hakuuliza. Silali, mpenzi. Nikifumba macho nausikia mguu wangu unakanyaga."

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini? Sikiliza. Sina mtu sasa isipokuwa dada na wewe. Nilikuwa niende nimwambie mama habari zako, sikuwahi. Nataka nikuoe. Si kwa utani wa kwenye simu. Nataka nikirudi nyumbani nikukute."

Neno alilolingoja miezi mitano lilikuwa limefika. Alitakiwa aseme ndiyo tu. Gari lingeuzwa chuma chakavu, injini isingefunguliwa na mtu, na mjomba asingesema, alimjua mjomba. Wangezeeka pamoja. Na mtu huyu angelala kando yake kila siku ya maisha yao akiusikia mguu wake unakanyaga.

"Si wewe," akasema.

"Nini si mimi?"

"Hukuliua wewe." Akakitazama kile kigari pale kwenye kona. "Silinda ya tatu ilikuwa imekwisha tangu siku ya kwanza. Ulipokwenda kununua chai nilipima. Tatu zilikuwa juu ya mia na sitini, ile ilikuwa sitini. Ringi zimelika. Nilijua lisingepanda kilima chochote, ukanyage au usikanyage."

Alimtazama kama mtu anayesomewa barua ya mwingine.

"Ulisema plagi."

"Nilisema plagi."

"Kwa nini?"

"Ulisema likiwa bovu utaondoka kesho yake."

Nje mtu alikuwa anagonga bati, ta, ta, ta, kisha akaacha.

"Kwa hiyo ningeondoka," akasema taratibu. "Ningekuwa kwa mama. Miezi mitano."

"Ndiyo."

"Na asubuhi ile, nilipokupigia."

"Nilijua. Nikaogopa."

Akainuka. Dada Spana alidhani atapiga kelele, na angefurahi apigiwe. Yeye akajipangusa suruali tu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Litengeneze," akasema. "Litengeneze kama ulivyopaswa."

Dada Spana alilishughulikia siku kumi. Alishusha injini peke yake, akaifungua, akazitoa ringi za pistoni ya tatu. Moja ilikatikia mkononi mwake kama kijiti. Silinda ikachongwa upya, pistoni mpya, ringi mpya kwa pistoni zote nne, valvu zikasagwa zikae. Mjomba alipita mara mbili, mara zote akamwekea chai bila kusema kitu.

Siku ya kulichukua, mwenye gari alikuja na dada yake, mwanamke mrefu mwenye macho kama yake. Dada huyo hakusalimia. Dada Spana akafungua boneti, akatoa plagi, akampa kaka mtu geji.

"Soma mwenyewe."

Akasoma kwa sauti, moja baada ya nyingine. Mia na themanini. Mia na themanini. Kwenye ya tatu akasita, akainama karibu.

"Mia na themanini."

"Na ya mwisho."

"Mia na sabini na tano." Akamrudishia geji, vidole visiguse vidole. Kisha akawasha gari, akageuza, akatoka. Dada Spana alisimama langoni akilisikiliza hadi kwenye makutano. Halikukosa hata pigo moja. Hapakuwa na sababu yoyote ya kulirudisha.

Simu ililia baada ya wiki sita, asubuhi. Alikuwa tena chini ya gari la mtu. Alipoona namba, alijigonga kichwa akiinuka.

"Niko pale kilimani," alisema. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Limezima?"

"Halikuzima. Limepanda lote na mzigo nyuma. Nimesimama mwenyewe. Nilitaka nije hapa nikukasirikie vizuri. Nimekaa nusu saa. Hasira imekataa kuja. Na kusamehe nako kumekataa."

"Sikuombi."

"Najua huombi. Ndiyo maana nimepiga."

"Unalala?"

"Nalala. Hilo nakushukuru. Ungeweza kuninyamazia nisijue maisha yangu yote."

Dada Spana alitaka kumwambia kwamba yeye halali, akaona hilo si la kumbebesha.

"Utarudi mjini?"

"Huku kuna kazi. Dada yuko peke yake kwenye ile nyumba."

"Oili uwe unabadilisha kila..."

"Uliniandikia. Karatasi iko hapa kwenye dashibodi."

"Sawa."

Upepo tena. Alisikia mlango wa gari ukifungwa, na injini ikiwaka mara moja, laini.

"Haya," akasema. "Asante, fundi."

Ikakatika. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa begani.

"Nani huyo, mwanangu?"

Dada Spana akaifuta simu grisi kwa mkono wa ovaroli, akaitia mfukoni.

"Mteja," akasema, akarudi chini ya gari.