Nilimpiga Picha Mwanamke Aliyekumbatia Sanamu ya Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi Igoma hapa Mwanza na nauza mitumba ya watoto. Haya ninayoyaeleza yamenikalia kifuani tangu mwaka jana, na hata nikiyasimulia chozi halinitoki. Msinione nina roho ngumu. Kuna mahali ndani yangu pamekufa ganzi, na bado hapajaamka.

Mume wangu, baba Pendo, alikuwa fundi wa injini za boti. Asubuhi moja aliondoka na vijana wawili wa mtaani kwetu kwenda kujaribu injini aliyoitengeneza. Ziwa likachafuka ghafla, boti ikapinduka. Vijana wale waliopolewa wakiwa wamekufa. Yeye hakuonekana... hata kiatu chake!

Pendo, mtoto wetu wa pekee, alikuwa bado ananyonya.

Tulikaa matanga bila mwili. Nani kati yenu anaujua uchungu huo? Wenzako wanatupa udongo kaburini, wewe unatazama maji. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Mwanaume mwenye umbo lake akipita barabarani, unamfuata mpaka umwone uso. Watu wa Igoma walianza kusema nimerukwa na akili, na sikuwalaumu.

Ndipo shangazi yangu wa Kisesa akanipa habari za Mzee Masanja. Huyu alikuwa mwashi, na kuchonga hakufundishwa na mtu. Mwanawe naye alizama ziwani asipatikane. Mzee akaenda bondeni, mbali huko nyuma ya vilima vya mawe kupita Bujora, akamjenga mwanawe kwa saruji na nyaya, akamsimamisha juani. Waliopotelewa na ndugu zao majini wakasikia, wakaanza kumfuata. Ukishajengewa mtu wako, ndugu hukusanyika pale, mnasali, msiba unafungwa. Bonde zima sasa limejaa watu wa saruji wenye macho ya gololi.

Mzee hakutaka picha. Alisema picha haimwonyeshi mtu anavyosimama. Alinikalisha kwenye jiwe akaniuliza mambo mpaka nikachoka. Nikamweleza yote: mkono kiunoni, tumbo mbele, kichwa kimeinama upande wa kulia. Sikio moja la mume wangu lilikuwa limeharibiwa na kelele za injini, kwa hiyo akiongea na mtu lazima amtegee lile zima.

Siku nilipoitwa, nilikwenda kumwona. Alikuwa yeye! Nililia hadi sauti ikakauka. Siku hiyo ndiyo niliyoamini kwamba amekufa.

Kila mwaka nilimpeleka Pendo. Tulimwosha baba yake kinyesi cha ndege, kisha mtoto anakaa miguuni pake kumsimulia mambo ya shule. Wanaume wawili walikuja kunichumbia kwa heshima zote, nikawakataa. Ningemwambia nini yule wa bondeni?

Mwaka jana nilikwenda peke yangu, Pendo alikuwa na mitihani. Nikakuta wanakwaya wamekuja matembezi kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema. Wanacheka, wanapigana picha. Mimi nikaendelea na ndoo na kitambaa changu. Mara mama mmoja mchangamfu, mwenye mtoto mgongoni, akapaza sauti.

"Jamani, njooni muone! Si baba Zawadi huyu? Hata shingo! Yaani ni yeye mtupu!"

Wenzake wakaja mbio, wakacheka hadi wakashikana mabega. "Mama Zawadi, kumbe mumeo ametutangulia huku!"

Hata mimi nilitabasamu. Duniani wawili wawili, nikajisemea.

Yule mama akanigeukia. "Dada, samahani, naomba utupige picha na huyu mume wangu wa saruji. Nikipata mtandao nimtumie, acheke."

Nikapokea simu. Akamkumbatia kiunoni, akamlalia begani. Nikapiga. Nilipomrudishia, yeye kwa furaha yake akanifungulia picha nyingine ili nilinganishe. "Mwone mwenyewe, dada. Nadanganya?"

Hakudanganya. Alikuwa mume wangu... Amenenepa, ana mvi ndevuni, kampakata mtoto, na kichwa kimeinama kulia.

Mnadhani nilipiga yowe? Mnadhani nilimrukia? Nilisema tu, "Kweli, wamefanana." Nikamuuliza wanakaa kijiji gani, akanitajia bila wasiwasi, akanikaribisha nikifika huko nikale samaki. Mwanamke wa watu hakuwa na kosa lolote! Nikamalizia kumwosha yule wa saruji, maana sikujua nifanye nini kingine.

Wiki iliyofuata nilivuka ng'ambo. Nilimkuta kwenye kibanda chake karibu na maji, injini imefunguliwa mbele yake. Hakukimbia. Picha alikuwa ameshaiona, na njia ya mwongo ni fupi.

"Mama Pendo," alisema, "maji yalinitupa kisiwani. Nilipopata nguvu nikasikia wale vijana wamekufa. Wazazi wao ningewatazama na macho gani? Nikasema nikae kidogo. Halafu nikasikia mmeshamaliza matanga. Nikaona basi... mmeshapumzika."

"Na Pendo?"

Akatazama chini. "Kila mwaka nilisema, mwakani nitakwenda."

Njia nzima nilikuwa nimejiandalia matusi. Sikuliona hata moja. Nilihisi baridi tu mwilini, na jua lilikuwa kali. Nikamwambia amweleze mkewe mwenyewe, mbele yangu, la sivyo nitamweleza mimi.

Mama Zawadi alikuwa anakuja na ugali na samaki, anaita, "Dada wa bondeni, karibu!" Baba Zawadi akaanza kusema. Yule mama akaweka sahani chini polepole, akakaa mchangani. Hakuna mwanamke aliyemtukana mwenzake siku ile. Aliniuliza tu kama ningependa maji ya kunywa.

Lakini kazi iliyonishinda kwa wiki nyingi ilikuwa Pendo. Unamwambiaje mtoto kwamba baba anayemlilia anakula, analala, anacheka, na hajawahi kuja? Mwisho nilimkalisha kitandani nikamwambia yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja.

"Alikuwa anajua sisi tunakaa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Alikuwa anajua, mwanangu."

Akanyanyuka, akaenda kuosha vyombo. Bondeni amegoma kwenda, na mpaka leo Pendo hataki kumwona baba yake.

Ndugu zangu wanaume, nawasihi! Kama umeshindwa kurudi nyumbani, kwa aibu au kwa hofu, tuma hata neno moja. Waache watu wako wakukasirikie, wakulaani wakipenda, lakini usiwaache wakuombolee nawe unapumua. Hasira hupoa. Na ninyi wanawake wenzangu, ombolezeni, lakini msifunge maisha yenu kwa ajili ya mtu ambaye hamkuuona mwili wake. Mimi ujana wangu umeishia kwenye kitambaa na ndoo.

Siku hizi wateja wakiniuliza kama nina mume au ni mjane, najibu kwamba nina mtoto mmoja, wa kike, yuko darasa la sita.