Labeka Kabla ya Mwito

Kwanza kilikuwa kikohozi tu. Na si kikohozi cha mgonjwa, la. Kile kikohozi kidogo cha mtu mzima anayekaribia mlango wa wenyewe na hataki kuwakuta wamekaa vibaya. Fundi alikisikia kwenye spika za kompyuta, akamgeukia mdogo wake.

"Chiriku, ulikohoa wakati wa kurekodi?"

"Mimi? Nikohoe kwani nimekuwa bibi? Na ningekohoa ningekwambia, kaka, ningekwambia na aliyeniambukiza, maana pale dukani jana kulikuwa na mama mmoja..."

"Basi, basi. Nimeuliza tu."

Hakuitwa Chiriku bure huyo. Aliamka anaongea, akipiga mswaki anaongea, na kaka yake aliapa kwamba hata usingizini alimalizia yaliyombakia mchana. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, Fundi akamlea mwenyewe, akamsomesha, akamfundisha na kazi. Fundi si msemaji. Ukimpa maneno kumi kwa siku atakurudishia chenji. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa na sauti moja tu, ya Chiriku, na iliwatosha wote wawili.

Sebule ya nyumba hiyo, ghorofa ya tatu, ndiyo iliyokuwa ofisi. Fundi aliandika programu, Chiriku alishughulikia sauti, na Mkubwa wao alilipia umeme na kutoa amri. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa wafalme wa kale. Unashika ufalme, unaoza mabinti, unapigana na majirani, ukichoka na shemeji yako unamtilia sumu. Mchezo ulikuwa mzuri, lakini Mkubwa aliutazama akakunja uso.

"Mfalme gani wa zamani asiye na kuhani wa kumtisha? Tieni dini humu."

"Dini gani?" Fundi akauliza.

"Yoyote isiyo ya mtu. Sitaki kugongewa mlango niulizwe kwa nini namchezea mtu Mungu wake. Tungeni yenu."

Wakatunga. Wakaweka mahekalu, makuhani, nadhiri na waasi. Mji ukijaa imani, watu wanatii. Imani ikishuka, wanachoma ghala la mfalme. Na ibada waliipanga hivi: kuhani anapanda ngazi za hekalu, mungu anaita kutoka ndani, umati unaitika. Jina la huyo mungu ndilo lililowashinda. Kila walilotaja, Mkubwa aliliona lina mwenyewe. Mwisho Fundi akapaacha patupu pale pa jina, na sauti ya kuita wakasema wataitafuta baadaye, apatikane mtu mwenye koo zito.

Kuitika ndiko kulikorekodiwa kwanza, kwa sababu Chiriku alikuwepo. Walikuwa na kabati la nguo walilolipigilia vipande vya godoro ndani lisipitishe kelele. Chiriku akajifungia humo akasema "Labeka" kwa sauti nene, kwa sauti nyembamba, kitoto, kizee, na Fundi akazizidisha zikawa umati.

Basi mchezo ukajaribiwa hivyo hivyo. Kompyuta iliachwa ijichezee yenyewe mchana kutwa, falme zinainuka na kuanguka, kuhani anapanda ngazi, kimya kinapita pale pa mwito, kisha maelfu ya watu, wote wakiwa binti mmoja, wanasema, "Labeka." Sasa wewe unayesoma, na mimi, na hao wawili, sote tulilelewa na bibi wa aina moja. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Hawa wakawa wanakiitikia kitu ambacho hata hakijawaita. Lakini nani ana nafasi ya kukumbuka maneno ya bibi wakati kazi imechelewa?

Kikohozi kilikuwa pale, ndani ya kile kimya.

Fundi alikitafuta akifute. Akalifungua faili la sauti, akayatazama mawimbi yake, na pale pa kimya mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hapakuwa na kitu. Akalicheza tena, na mtu akakohoa.

Siku chache baadaye Chiriku alikuwa jikoni anaosha vikombe huku anasimulia kisa cha yule mama wa dukani. Alipofika pale pa utamu, akakatiza.

"Labeka." Kisha akachungulia sebuleni, mikono ina povu. "Umeniita, kaka?"

"Sijakuita."

"Mbona nimesikia mtu ananiita? Aa, labda jirani. Nilikuwa nimefika wapi?"

Hakukumbuka alikokuwa amefika, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu azaliwe. Fundi aliona ajabu lakini akacheka. Keshoye ikatokea tena, na baadaye ikawa kila mara: anaongea, anakata, anageuza uso kuelekea kabati, "Labeka," kisha anasimama kidogo kama anayepewa maagizo. Visa vyake vikawa vifupi, vikawa nusu, na sebuleni kukaanza kunuka udongo mbichi, ile harufu ya kaburi linalochimbwa, na hiyo ni ghorofa ya tatu yenye sakafu ya vigae.

"Leo kasuku wetu kapumzika?" Mkubwa alitania alipopita. "Nyumba imekuwa kama benki."

Fundi akamwonyesha mchezo. Falme zote kwenye ramani, hata zile zilizokuwa zikichinjana, zilikuwa na imani moja, imejaa pomoni, bila mwasi hata mmoja. Pale pa jina la mungu palikuwa bado patupu, na Fundi alipojaribu kuandika jina lolote, ajaze tu, herufi zilifutika moja moja kuanzia mwisho, taratibu, bila mtu kugusa kitufe.

"Futa," Mkubwa alinong'ona. "Futa dini yote. Na mimi nina safari." Akashuka ngazi mbili mbili, na simu yake haikupatikana tena.

Fundi akafuta mahekalu. Akafuta makuhani, umati, faili zote za sauti, na nakala za akiba, akazima kompyuta na kuchomoa waya ukutani. Akamgeukia mdogo wake amwambie yamekwisha. Chiriku alikuwa ameshaingia kabatini, amekaa juu ya vipande vya godoro na magoti kifuani. Alimtazama kaka yake, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Machozi ndiyo yaliyotoka.

Tangu hapo hakusema neno ila lile moja. Fundi alimtoa kabatini, Chiriku akarudi. Akamshika mkono atoke naye nyumbani. Walifika ngazi ya kwanza, Chiriku anajitahidi mpaka jasho linamtiririka, kisha "Labeka," na miguu ikageuka yenyewe ikampeleka kabatini. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, barabara inaonekana kule chini, watu wanapita na mifuko yao ya sokoni, na hakuna hata mmoja kati ya ndugu hao wawili aliyeweza kwenda. Maana Fundi amwache na nani? Alikaa chini mbele ya kabati, yeye asiyejua kuongea, akaongea. Alimsimulia visa vyake mwenyewe, vile vya dukani, akivikosea makusudi ili amsahihishe. Hakusahihishwa, na alilia waziwazi kama mtoto.

Ndipo akampigia simu Shangazi, dada wa marehemu baba yao. Huyu ni fundi cherehani, na wenye majini yao humjua kwa kazi ya pili. Alifika na pini bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Alinusa hewa, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani aliyeita?"

"Hakuna aliyeita, Shangazi. Mwito tulikuwa hatujaurekodi."

"Mkaitika kwanza?"

"Tuliitika kwanza."

"Mara ngapi?"

Fundi akaitazama kompyuta iliyozimwa. "Haina hesabu."

Shangazi akajishusha kwenye kiti. "Mtu akisema labeka amesema nini, mwanangu? Amesema mimi ni wako, niamuru. Mmeyasema hayo hewani mchana na usiku, mkidhani hewani hakuna mwenyewe."

"Lakini nimefuta kila kitu."

"Umefuta umati wake. Ukambakishia mmoja."

Fundi alishika kichwa. Shangazi hakumbembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimweleza la kufanya, akimnong'oneza sikioni. Jua likifika utosini, huyo mwenyewe wa hewani ataita, na ataita mara tatu. Ana kiburi, hawezi kurudia mara ya nne kama mwombaji. Akikosa wa kumwitikia, ataondoka akatafute kwingine. Chiriku azibwe mdomo.

"Na wewe usithubutu kuitika, hata usikie nini. Atakayeitika ni wake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sema tena."

"Atakayeitika ni wake."

Kwa kuwa Chiriku hakuweza kukaa pengine, Fundi aliingia naye kabatini, akampakata kama alivyompakata utotoni, mgongo wake kifuani, kiganja mdomoni, na Shangazi akakaa kizingitini mwa sebule akisoma maneno yake kwa pumzi. Nje jua lilikuwa kali, mtu anapiga nyundo mahali, mtoto anadai kitu kwa mama yake. Kisha nyundo ikanyamaza, mtoto akanyamaza, harufu ya udongo ikapanda, na mtu akakohoa upande wa pili wa godoro, karibu kabisa na sikio la Fundi.

Mara ya kwanza aliita kwa sauti ya mama yao. Aliita jina halisi la Chiriku, lile la utotoni ambalo halijatamkwa nyumbani humo tangu siku ya msiba, akaliita kwa upole wa mtu anayemwamsha mtoto asichelewe shule, na Chiriku akajinyonga mikononi mwa kaka yake kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, akipiga visigino vyake kwenye mbao, midomo yake ikihangaika chini ya kiganja kutafuta upenyo, na Fundi akafumba macho akambana mpaka sauti ilipokwisha.

Mara ya pili haikuwa sauti ya mtu mmoja. Ulikuwa umati, ule aliouzidisha kwa mikono yake na kuufuta kwa mikono yake, wanene na wembamba, watoto na wazee, maelfu kwa maelfu wakiita jina lile lile kutoka kwenye godoro, kwenye misumari, kwenye mbao za kabati, na Shangazi kizingitini akapandisha kisomo chake kidogo lakini hakunyanyuka, na Chiriku akatetemeka mwili mzima, na kiganja hakikutoka mdomoni, na polepole umati ukaisha kama watu wanaoshuka ngazi.

Ikabaki mara moja. Fundi akasubiri kikohozi, hakikuja. Badala yake akasikia maji ya bomba jikoni, na vikombe vinagongana.

"...nami nikamwambia, mama, foleni haina mjomba, rudi nyuma. Kaka, unanisikia? Hunisikii, ukishakaa na hizo kompyuta zako hata nyumba ikiungua. Halafu nimekumbuka mwisho wa kile kisa, ulikuwa mtamu huo. Kaka? Kaka wewe?"

Alijua. Nataka ulielewe hilo usije ukamwita mjinga. Midomo ya Chiriku alikuwa nayo kiganjani, imetulia, na alijua kabisa kwamba jikoni hakuna mtu. Lakini siku zote zile alikuwa amekaa mbele ya kabati akiomba asikie sauti hiyo hata mara moja, hata imtukane, na mtu aliyemwitikia mdogo wake maisha yake yote haulizi mdomo ruhusa.

"Naam," akasema.

Maji yakafungwa jikoni.

Chiriku alimng'ata kiganja. "Kaka, unaniumiza, umeniziba mpaka pua, na humu kunanuka nini, na Shangazi amekuja lini, mbona sikuambiwa?" Aliongea, akalia, akaongea huku analia. Shangazi alifunga kisomo chake kabla hakijaisha. Hakutoa pongezi. Alichomoa pini moja kwenye kola, akairudisha palepale.

"Nilikwambia useme tena," alisema.

Kabati walilipasua wakalichoma. Nyumba walijaribu kuihama, na Fundi aliishia ngazi ya kwanza. Sasa anakaa sebuleni mbele ya ukuta ambako kabati lilikuwa, hana shida, anakula akipewa. Chiriku akiongea, anamsikiliza na kutabasamu, anaitika "naam" yake ya siku zote. Akinyamaza tu, Fundi anageuza uso ukutani na kusema lile neno lingine, na kila akilisema anasahau kitu. Ameshasahau kuandika programu. Juzi alisahau mama yao alikuwa nani.

Kwa hiyo Chiriku hanyamazi. Wewe ukipita chini ya dirisha lao utamsikia, asubuhi, mchana, alfajiri, "kaka, hebu sikia hii, kaka," anasimulia habari za duka, za majirani, za watu asiowajua, anatunga zikimwishia, asiache hata upenyo wa mtu kuita. Shangazi huja kumpokea apate kusinzia, lakini Shangazi ana cherehani yake na umri wake.

Wiki hii sauti imeanza kumkauka. Jana alikuwa katikati ya kisa akanyanyua glasi ya maji, akapiga funda moja tu, na katika kile kimya cha funda moja mtu alikohoa.

Hakuwa yeye, na hakuwa kaka yake.